Mstari Mtupu Chini ya Picha

Bungoni, Ilala, chumba cha uani,
feni imekufa tangu Januari.
Mimi nakata na kuunga, Sikudhani anachambua mchele,
sinia mapajani, macho kwenye kioo.
Miaka ishirini na sita ya kanda
imelala ndani ya makopo ya rangi na ndoo za mafuta ya kula,
kila moja na jina lake kwa maka peni:
Yaeda, kiangazi. Kisutu, duka la Jamnadas. Yaeda tena.

Huyo Jamnadas aliuza vitenge miaka arobaini
na Kizaramo alikijua kuliko wajukuu wa Sikudhani.
Alihesabu kwa Kigujarati, akatukana kwa Kizaramo,
na filamu nzima ni hiyo: mtu anahesabu, anatukana,
wateja wanacheka kwa lugha mbili.
Ilioneshwa mara moja, Mchikichini,
juu ya shuka jeupe la bi harusi wa jirani.
Walikuja watu thelathini na mbuzi mmoja.

Ya Yaeda ndiyo iliyomla.
Mfadhili aliandika barua ya upole:
Mahiya apigwe picha upya, bila ile jezi ya Simba,
avae ngozi, "kama walivyo."
Sikudhani alijibu kwa mstari mmoja:
"Jezi kainunua mwenyewe, kwa asali."
Hela haikuja.
Aliuza friji.

Mahiya aliposhuka Dar kuitazama
ghorofa hazikumshtua, bahari hakuiulizia.
Alijitazama ukutani mpaka mwisho, kisha akasema,
"Na wewe ulikuwa wapi?"
Nyuma ya kamera.
"Siku zote?"
Siku zote.
Akanyoosha mkono. "Lete."

Kwa hiyo kanda hii ya mwisho, ninayoihariri usiku huu
Luku ikiwa imebaki yuniti tatu,
ni Sikudhani kwa jicho la Mahiya:
visigino vyake, pindo la kanga lenye fundo la sarafu,
jinsi anavyofunga mlango, akarudi kuuhakikisha,
jinsi anavyomwita "mgeni wangu" mtu
ambaye babu zake walikuwepo nchi hii
kabla neno mgeni halijapata wa kulibeba.
Naye mwenyewe Mzaramo, mwenye mji,
anadaiwa kodi ya miezi miwili.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema.
Hatusemi yupi ni yupi.

Katikati Mahiya anatamka kitu kwa Kihadza,
ulimi unagonga kaakaa,
kijiti kikavu kimekatika.
Namuuliza Sikudhani: hapa niandike nini chini ya picha?
Herufi hiyo sina.

Anapeta sinia, anapuliza makapi.
"Acha hivyo hivyo.
Wakae na huo mstari mtupu. Sekunde nne."

Naweka tano.