Mkono Mpana wa Shati

Mama alishona mashati ya baba kwa vipimo viwili:
mkono wa kushoto wa mtu wa kawaida,
wa kulia mpana, wa mtiamakaa.
Tani tano, pengine sita, Helsinki hadi Tampere na kurudi,
beleshi juu ya beleshi,
msuli ukaumuka kama mkate.

Kwa hiyo historia ya vichwa vile vya treni
mimi naijua kwa cherehani.

Shati la kwanza, mwaka thelathini na saba.
Viwanda vya Tampere vilikuwa vimetoa chuma kirefu, cheusi,
magurudumu yake makubwa yakimzidi baba kimo,
na watu, nusu mzaha, nusu heshima,
wakaliita Mzee Pekka.
Mzee gani anakimbia hivyo?
Kawia ufike, wasema wahenga.
Huyu hakukawia, na alifika,
theluji ikitimka kando yake
kama unga mikononi mwa mtoto mtundu.

Kilomita mia na kumi kwa saa.
Baba alisema kwa kasi ile huoni miti,
unaona ukuta.

Shati la pili lilitoka kwenye pazia la jikoni.
Vita. Makaa hayaji tena kwa meli.
Wakamlisha Mzee kuni za mbetula,
naye, asiyezoea chakula hicho,
akakohoa cheche usiku kucha,
na wahamiaji wa Karelia kwenye mabehewa
wakakesha wakipigapiga mablanketi yao.
Alfajiri, stesheni isiyo na taa,
mama mmoja, Aune Pärssinen, akampa baba kopo la maziwa
ya ng'ombe aliyesafiri behewa la nyuma.
Vuguvugu. Yalikuwa na masizi, akayanywa yote.
Baba hakumsahau Aune.
Mama naye hakumsahau.

Kisha mashati ya mistari, ya amani.
Dereva wake, Vilho Savijärvi, aligonga bomba mara mbili
kabla ya kila safari;
si ushirikina, alidai, ni kubisha hodi.

Mwaka hamsini na saba kikatoka cha mwisho.
Ishirini na viwili kwa jumla,
hawajai hata darasa.
Vile vya mwishomwisho viliteleza kwa beringi mpya,
kimya, kama paka anayenyatia,
na dizeli zilikwisha kusimama mlangoni
zikinuka rangi mbichi.

Wakampa baba kiti. Kiti, na vitufe.

Mkono ukaanza kupungua.
Mama alipunguza mshono usiku, tukiwa tumelala:
sentimita moja. Baada ya Krismasi, nyingine.
Niliona vipande vya kitambaa kwenye kikapu,
vyembamba kama kucha.
Nikanyamaza, ndivyo tulivyo nyumbani kwetu.

Machi moja alinipeleka msituni
walikoviweka vimesubiri dharura ambayo haikuja,
safu nzima, mabomba yamezibwa kwa mbao,
mbetula wachanga wakichungulia kati ya reli.
Akabisha mara mbili.
Akafungua mlango wa tanuri, akaingiza mkono wa kulia
hadi begani.

Moto huzaa jivu. Nilijiandaa kwa jivu.
Akatoa kiganja kilichojaa theluji.

Jioni mama aligeuza ile shati,
akaona weusi umepanda hadi kwapani,
akaona pia jinsi kitambaa kilivyolegea tena.
Akachukua pini.

"Acha," baba akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye supu.
"Mara hii acha nafasi."