Skrubu Iliyobaki

Kazi yangu kiwandani Igogo ilikuwa barafu:
koleo, buti za mpira, zamu ya usiku,
sangara wamelala midomo wazi
nami nawafunika kama mzazi mwenye watoto wengi.
Barafu ile ilikuwa na adabu. Ukiiacha, inaondoka.
Asubuhi ni maji tu mferejini, yanarudi ziwani kwao.

Lushinge ndiye aliyenionyesha ya pili.
Punje, kama chumvi ya mawe, kwenye kipande cha nailoni.
"Hii nayo barafu," alisema, "ila haikugandishi.
Utapiga zamu mbili na mgongo hautajua."
Hakusema uongo. Hapo ndipo penye mtego:
mwanzoni haisemi uongo.

Nikapiga mbili. Nikapiga tatu.
Nikafua nguo za nyumba nzima saa tisa usiku.
Nikahesabu ngazi za mawe toka barabarani hadi kwetu Mabatini,
mia moja na kumi na mbili,
nikashuka tena kuhakikisha.
Nilijiona nimezaliwa upya, bila tumbo, bila kope.

Kisha meno.
Kisha wadudu chini ya ngozi, wasioonwa na yeyote
ila mimi na kucha zangu.
Kisha majabali. Wewe unayeyajua majabali ya Mwanza
unajua yamejikalia tu, hayana neno na mtu.
Yangu yakaanza kunong'ona:
Shija, Shija, mfuata mapacha,
dada yako Nkwimba kaficha kinasa sauti
ndani ya cherehani.

Nikaifungua.
Usiku kucha, kwa bisibisi na kisu cha minofu,
nikaipanga mkekani, vipande vikubwa kwa vidogo,
cherehani iliyotulisha tangu baba azikwe,
na sare za shule za nusu ya mtaa zimekatwa, hazijashonwa.
Asubuhi alisimama mlangoni. Hakupiga kelele.
Aliokota sindano, akaichomeka kwenye kanga kifuani,
akasema, "Vaa viatu."

Kliniki niliwakuta wenzangu wa unga kwenye foleni,
kila mmoja anapewa dawa yake ya kunywa, anashukuru, anaondoka.
Nikanyoosha mkono: na mimi nipeni kikombe changu.
Muuguzi, mama Budodi, miwani kaifunga kwa uzi,
akatikisa kichwa.
"Ya kwako haina kikombe. Ya kwako ina kiti.
Kaa. Tuzungumze. Kesho pia."

Nililala siku nne.
Niliamka na njaa ya miaka miwili, nikala na ugali wa jirani.
Halafu ikaja ile ambayo hakuna aliyenionya:
dunia nzima kama maji yaliyokwisha kunawiwa.
Samaki hana ladha. Jua halina ladha. Hata matusi.

Wiki ya sita nikatoroka.
Nalisema kwa sababu wengi hulirukia.
Nikateremka hadi Mwaloni kumtafuta Lushinge,
nikaambiwa moyo ulimsimama Jumanne,
magunia ya dagaa yakiwa bado begani,
miaka ishirini na sita.
Mtu mmoja akaniuliza kama nataka buti zake.

Nilirudi kwa miguu. Mama Budodi hakuuliza kitu.
Alisogeza kiti.

Sasa ni mwezi wa nane. Usiku mwingine
ulimi wangu bado unaitafuta ile chumvi
kwenye mapengo.
Jumamosi nilikaa mkekani na kopo la grisi
nikairudisha cherehani, kipande kwa kipande,
jasho likinitoka kuliko la koleo.
Inashona. Inakohoa kidogo ukirudisha mshono nyuma.
Skrubu moja imebaki, sijui ya wapi.
Nkwimba aliigeuzageuza kiganjani,
akaitia kwenye kopo la vifungo.
"Itajulikana," alisema,
"siku kitu kitakapolegea."