Samaki Mkavu

Saa kumi na moja alfajiri, Januari, Rouyn-Noranda.
Nje ni digrii thelathini chini ya sifuri,
nami nimelala chali sakafuni jikoni,
taulo limepita chini ya unyayo,
ncha zake mikononi kama hatamu za punda mbishi.
Navuta. Msuli wa nyuma ya paja unakataa.
Siugombezi. Nahesabu pumzi.
Mbwa anadhani ni mchezo, ananilamba sikio.

"Usivute mpaka ulie," alinionya Maude,
mtaalamu wa viungo, binti wa Fernand,
niliyembeba mabegani akiwa na miaka minne.
"Vuta mpaka mwili useme. Kisha ngoja."
Kungoja! Mimi, niliyeyeyusha shaba miaka thelathini na mmoja,
niliyejua kwamba kisichopinda hutiwa moto,
na kikizidi ubishi hupigwa nyundo.
Sasa naambiwa nyonga haipigwi nyundo.
Hubembelezwa.

Waliosema samaki mkunje angali mbichi
hawakukosea, ila hawakunijua.
Nilipokuwa mbichi hakuna aliyenikunja:
tulitoka zamu tukaingia barafuni moja kwa moja,
nywele bado zanuka salfa,
na kupasha misuli kulikuwa sigara moja mlangoni.
Basi nakunjwa mkavu, kidogo kidogo, nikilia mlio wa mbao.
Mwaka jana vidole viliishia magotini.
Juzi vimegusa soksi.

Timu yetu hucheza Jumanne, saa nne na nusu usiku,
maana saa nzuri ni za watoto.
Wastani wa umri wetu ni miaka sitini na goti moja bovu.
Kugongana ni marufuku, ndivyo kanuni isemavyo,
lakini barafu haijasoma kanuni.
Zamani, kila Jumatano, nilishuka ngazi kinyumenyume,
nikishika ukuta kama anayeteremka kisimani,
na Ghislaine akinipa pakiti ya njegere za friza
bila kuniangalia, akiuliza tu: "Lipi leo?"
Zilitoka friza, zikarudi, zikatoka.
Hakuna aliyethubutu kuzipika njegere zile.

Sidai kwamba maumivu yamehama.
Yamepunguza sauti, kama mpangaji aliyeonywa.
Bega la kushoto bado hutangaza theluji kabla ya redio.
Lakini kinena, kilichonichoma kila nikisukuma mguu,
kimenyamaza tangu Novemba,
na mimi sikiulizi kwa nini.

Jumanne hii, chumba cha kubadilishia nguo,
harufu ya glavu zisizojua jua,
Fernand ameketi na kamba za kiatu mkononi.
Huyu ndiye mcheshi wetu. Leo hacheki.
Vidole vyake vimevimba vifundo kama tangawizi.
Amevuta mara tatu, kamba imemponyoka mara tatu,
na kila mtu ghafla ana jambo la kutafuta begini mwake.
Baba yake Maude.
Aliyesikia ushauri wa Maude mezani kwake, bure,
kila Jumapili, akaongeza supu.

Nikapiga goti.
Sikushika benchi. Sikuhesabu pumzi.
Nyonga ilifunguka kama mlango uliotiwa mafuta,
na kiatu chake, chuma na vyote,
kikatua juu ya paja langu.
"Kaza," alisema, akiitazama dari.
Nikakaza, tundu kwa tundu,
nikapandisha hadi kifundoni, nikafunga mara mbili.

"Kuinama huku umekutoa wapi?"
"Kwa bintiyo."

Hakujibu.
Akaleta mguu wa pili.