Hapo Ndipo Mtu Alipokuwa

Gerezani, nyuma ya duka la vioo,
nina cherehani ya ngozi na stuli ya plastiki.
Nashona viti vya magari ya vijana:
uzi mwekundu juu ya ngozi nyeusi,
jina la mchumba mgongoni mwa kiti,
mwezi ujao jina jingine. Nafumua, nashona, siulizi.

Nawajua kwa sauti kabla ya sura.
Inayokohoa ikishusha gia ni Subaru ya Lusajo.
Inayopiga mluzi kama birika ni ya Mwinchande,
turbo kafunga juzi, deni bado bichi.
Wameyalaza magari chini mpaka tuta la hapa kwetu
wanalivuka kiubavu, kama kaa.

Na wanayapenda, nisiwasingizie.
Watabishana saa nzima juu ya oili,
uzito wa rimu, upepo wa tairi,
boliti moja iliyolegea itawanyima usingizi.
Ila mkanda!
Mkanda unakunja shati.
Mkanda ni wa kumvalia trafiki pale Tegeta,
ukishampita, unauachia.
Wengine wamenunua kile kiulimi cha chuma
kinachouzwa kwenye taa za Mwenge pamoja na chaja na miswaki:
unakichomeka, kengele inanyamaza,
gari linaamini umefunga.
Haya, gari umelidanganya.
Na nguzo ya umeme, utaiambia nini?

Jumamosi kaja Lusajo, na Sekela wake,
Sekela anatafuna muhogo wa kukaanga, kimya.
Mkanda wa abiria umekwama, hautoki.
"Dada Nyamizi, nipe wowote wa mtumba,
mradi rangi ifanane."

Nikautungua mmoja msumarini.
"Pitisha kidole," nikamwambia,
"polepole, kama unakagua mshono."
Akapitisha. Katikati, kidole kikasita.
Hapo kitambaa kimefanya vijiwimbi,
nyuzi zimevutika, zinang'aa
kama zilizosahauliwa chini ya pasi.

"Hapa pana nini?"
"Hapo ndipo mtu alipokuwa."

Ulitoka kwenye Mark II ya kijivu,
ilivutwa kutoka barabara ya Kibada, saa kumi za usiku,
redio ikiwa bado inaimba, alisema aliyeivuta.
Huu ni wa kulia. Mwenyewe alikuja kuchukua kitabu cha gari
kwa miguu yake, shingo kaikaza,
akaniomba maji.
"Umekwisha kazi," nikamwambia Lusajo.
"Mkanda humdaka mtu mara moja.
Ukishamdaka, hauna tena pa kuvutikia.
Siuzi. Naubakiza kwa ajili ya vidole kama vyako."

Akauliza, "Na wa kushoto?"

Wa kushoto niliukuta mzima,
umejikunja ndani ya nguzo ya mlango,
mpya kama siku ulipotoka kiwandani,
una hata ule ukakamavu wa kitu kisichowahi kuvutwa.

Sekela akaacha kutafuna.
Lusajo akatazama mafuta kwenye viatu vyake.
Sikuongeza neno; nina mkasi, sina mimbari.

Nikauleta. Nikaunyaka ghafla mara tatu,
mara tatu ukakataa katakata.
Nikaufunga kwa boliti zake zilezile,
nikakaza mpaka bega likauma.
Rangi haikufanana. Hakusema kitu.

Jioni wakaingia ndani ya gari.
Injini kwanza, kama kawaida yake,
bati la duka la vioo likatetemeka,
na mtoto wa muuza kahawa akaziba masikio akicheka.
Mimi nilikuwa nasikiliza kitu kingine.
Ndani ya muungurumo wote ule,
upande wa kushoto:
ta.

Kulia, kimya.

Nikaligonga paa kwa mpini wa mkasi,
rangi yake ya laki saba,
akaruka, akanitolea macho.
Nikabaki nimesimama mbele ya boneti.

Ta.