Mshiriki wa Saba

Shahada ya uzamivu, wanaiita,
na mimi hata kuogelea sijui.
Nina miaka hamsini na miwili, magoti yananilalamikia,
nimepokea watoto elfu moja mia nne na ushei
katika mabonde haya ya Ceredigion,
na usiku, zamu ikiisha,
naketi jikoni na kompyuta kuukuu ya mwanangu
nikijifunza kuandika tanbihi.

Emrys huniuliza akivua viatu vya zizini:
"Unataka uitwe Daktari, Mererid, kondoo wakuamkie?"
Simjibu. Chai imepoa.
Nimekwama kwenye sentensi moja tangu Alhamisi.

Swali langu ni barabara.
Walipoifunga wodi ndogo ya wazazi pale mjini
walituachia maili thelathini na nane za kona,
mageti ya mashamba, theluji ya Februari,
simu isiyoshika mtandao mpaka uvuke daraja.
Nani aliyewahi kupima uchungu kwa maili?
Mimi nimeupima,
mtungi wa gesi ukibiringika nyuma ya gari,
mkono mmoja juu ya tumbo la mtu,
wa pili umeshika mlango usifunguke.

Profesa Treharne aliisoma sura ya tatu,
akaandika pembeni kwa wino wa kijani:
*Umejuaje?*
Nimejuaje! Kwa viganja. Kwa ile sauti
inayoshuka kifuani mwa mwanamke, nzito,
kabla yeye mwenyewe hajasema ni sasa.
Mkunga ni mwenye kunga,
na kunga hazianikwi.
Leo natakiwa nizipange kwenye jedwali,
safu kwa safu, na asilimia zake.

Kamati ya maadili iliagiza majina yafichwe.
Kila mshiriki achague lake la kupanga.
Wa kwanza alichukua la shangazi yake.
Wa tano alicheka, akachukua la mbwa.

Wa saba nilimjua.
Miaka sita nyuma, kwenye egesho la malori,
saa kumi kasorobo alfajiri,
theluji ikitua juu ya kioo bila haraka yoyote.
Nilifanya yote yanayofanywa.
Nikayafanya tena.
Mtoto hakulia.

Nilimwambia ana haki ya kukataa,
naweza kumtafutia mtu mwingine wa kumhoji.
"Mtu mwingine yupi," akasema, "alikuwepo?"

Nikamsogezea fomu. Chagua jina.
Hakufikiri. Aliandika *Eluned*,
polepole, herufi zimesimama wima,
kama mama anayejaza kadi ya kliniki.
Nikafahamu.
Nikazima kinasa sauti.
Tulikaa muda gani, sijui. Nacho hakijui.

Sasa Eluned anazungumza katika sura ya tano.
Eluned anakumbuka baridi ya mkanda wa kiti.
Eluned anasema wale waliokaa kikao na kuifunga wodi
waje waipite njia hii usiku, wakiwa na kiu, wakiwa na hofu.
Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, Eluned anacheka.
Ukurasa unaofuata, haafikiani na nadharia yangu,
na nadhani yeye ndiye mwenye haki.
Ana maneno elfu tatu ya kwake,
yeye ambaye hakupewa hata kilio kimoja.

Siku ya utetezi: watahini wawili, jagi la maji,
dirisha lisilofunguka.
Mtahini wa nje alikuwa mpole, amejiandaa vizuri.
Alifungua palipobandikwa karatasi ya njano.
"Huyu Eluned," akasema,
"sauti yake imewazidi wenziwe.
Hukuona vyema umpunguze?"

Navijua vyumba ambamo watu wote
wamenyamaza wakingoja sauti moja.
Nikanywa maji.
"Hapana," nikasema.
"Huyo simkati hata mstari."