Upande wa Chini wa Mshono

Elfu kumi na mbili na mia tatu,
zamu yangu ya chama,
nimezifunga kwenye pembe ya leso.
Mkobani, vitambaa vitatu:
ukingo wa jinzi ya Nabhani,
kipande cha buibui kinachoteleza kama maji,
na leso mpya isiyopindwa.
Muuzaji akija na maneno,
mimi nitakuja na nguo.

Barabara ya Biashara, duka la feni mbili.
Kijana akaiweka mezani, nyeupe, bado imevaa nailoni.
"Ya stima hii, mama. Mishono ishirini na mitatu.
Maua, mawimbi, hata kopa ndogo ndogo."
Nikahesabu ninayoihitaji:
wa kwenda mbele,
wa kurudi nyuma kufunga,
na ule wa nyoka, kwa kingo zinazochanika.
Ishirini iliyobaki ataila nani?

Nikampa jinzi.
"Hii, mama, ni ya vitambaa vyepesi."
Nikampa buibui.
Sindano ikala, ikaruka, ikala, ikaruka,
kama mtoto msomaji anayeruka herufi asizozijua.
Juu palipendeza. Nikageuza:
chini uzi umejenga viota.
Elfu tisa na mia tano, na kijimkasi cha bure.
Kijimkasi kilikuwa kizuri, sikatai.
Lakini kwetu Kuze tokeni huisha usiku wa kuamkia Idi,
wateja wamejaa ngazini,
na kopa hazishoni gizani.

Duka la pili, ya mguu, na meza yake,
elfu ishirini na nane.
Nilikipima chumba changu kichwani:
kitanda, kabati, jiko, Athmani.
Ingebidi mmoja wetu atoke,
na kabati lina nguo zangu.

Nyuma ya Mwembe Tayari, uchochoroni,
Fundi Shekuwe ameketi kati ya vyuma kama daktari wa meno.
Akafunua gunia.
Ya mkono. Nyeusi.
Jina lake la dhahabu limelambwa na mikono ya kanzu za watu,
imesalia R peke yake.
Niliinama, maana cha mvunguni hakijiinui:
kutu hakuna, mafuta yapo, nyufa hakuna.
Nikalitikisa gurudumu. Likacheza, unene wa kucha.
"Huo ni uzee," akasema, "si ugonjwa."

Jinzi, mikunjo minne: kha, kha, kha, ikapita.
Buibui ikajikunyata kidogo.
Akazungusha skrubu, robo tu,
ikanyooka.
Nikageuza. Chini kama juu.
"Yarudi nyuma?"
"Hairudi. Ukitaka kurudi, geuza nguo."
"Na mshono wa nyoka?"
Akanitazama kama niliyemuuliza punda anasomaje.

Basi nikasimama pale, jua likinichoma kisogo.
Katika mitatu yangu, ana mmoja.
Mmoja, lakini hasemi uongo.

"Kumi na tatu."
"Tisa."
"Mamangu, chuma hiki!"
"Ndiyo, chuma, na mimi ndiye nitakayekibeba."
Kumi na nusu, bobini sita,
pakiti ya sindano na kichupa cha mafuta.

Ndani ya bobini mlikuwa na uzi, kijani ya sare za shule.
"Wa nani?"
"Mama mmoja wa Tudor. Wanawe wamemnunulia ya stima,
mishono ishirini na mitatu."
Nilicheka hadi dereva wa tuktuk akageuka.

Sikuutoa uzi ule.
Usiku Nabhani alizungusha, mimi nikaongoza leso,
uzi mweupe wangu juu, wa kijani wake chini.
Pindo la kwanza likaisha.
La pili, katikati, bobini ikawa tupu,
nikaendelea na bluu.
Ukinikuta nimejitanda, huoni kitu.
Mbele ni nyeupe mwanzo hadi mwisho.
Geuza,
kuna mahali, shubiri moja kutoka pembeni,
ambapo mwanamke nisiyemjua anaachia
nami napokea.