Nyuzi Mia na Themanini

Viti ni vya darasa la pili.
Magoti yetu yanatupanda hadi kifuani,
na ukutani, juu ya misumari ya kutundikia makoti,
yamebaki majina ya watoto walioko likizo:
Antek, Lilka, Kostek,
na mmoja asiyeandika jina, kachora papa.
Mimi ninatundika mkoba wangu kwa papa.

Sandomierz, Julai, madirisha wazi.
Jometri kwa waliostaafu, Jumanne na Alhamisi,
ada hakuna,
ila chaki ya rangi ulete mwenyewe.

Wasemao elimu haina mwisho
hawajawahi kuinuka kwenye kiti hiki
bila kushika bega la jirani.
Samaki mkunje angali mbichi, sawa;
sisi ni wakavu, tukikunjwa tunalia kama mlango.

Jirani yangu ni Zdzisław, dereva wa garimoshi la makaa.
Mwalimu akasema: mistari sambamba haikutani kamwe.
"Reli," akasema Zdzisław. "Mbele huko zinakutana."
"Hapana, bwana, hazikutani."
"Binti, uliwahi kukaa kiti cha mbele?"

Mwalimu Kinga ana miaka ishirini na minne
na anatuogopa.
Wiki ya tatu Teofila akanyoosha mkono, ule mzima:
tunataka kusahihishiwa. Kwa wino mwekundu.
Kinga akacheka,
kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

Mimi nimeshona kola za mashati miaka arobaini na moja.
Nyuzi nazijua, nimezilowesha kwa ulimi
ndipo zikapita tunduni.
Sasa naambiwa pembe nayo ina nyuzi,
na za pembetatu, zote tatu, ukizijumlisha
ni mia na themanini, iwe nene, iwe ya kuchongoka,
iwe imechorwa na mkono unaotetemeka.
Nikaandika: ndiyo, mia na themanini.
Nikarudishiwa mbili.
Chini yake, kwa wekundu: *Jibu sahihi. Sababu iko wapi?*
Nimeona kwa jicho, nikamwambia.
Jicho si sababu, akasema, na sauti haikumtetemeka.

Mbili! Nikaibeba nyumbani kwenye mfuko wa cheri.

Zamani daftari lenye mbili lilitakiwa sahihi ya mzazi.
Baba alitia sahihi polepole, ulimi nje,
maana herufi alizozijua zilikuwa zile za jina lake tu.
Kisha akavua mkanda.
Kisha, siku ile moja, akauvaa tena,
akasema kiwandani wanatafuta wasichana.
Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Sikuwahi kumuuliza kama ilikuwa huruma.

Nani atanitilia sahihi leo?
Wote wamelala kule mlimani nyuma ya kanisa,
na mimi ndiye ninayewapelekea mishumaa.

Malwina, mjukuu wangu, ana miaka tisa,
akalivuta daftari, akalisoma akiwa amekunja uso,
akaandika: *Nimeona. Ajitahidi.*
Akatia sahihi yenye mkia mrefu kama wa waziri.
Akauliza kama kuna supu.

Alipolala nilikaa jikoni.
Nikachora pembetatu nyuma ya bili ya gesi.
Nikaikodolea macho. Haikusema kitu.
Nikala cheri. Nikatema kokwa.
Sijui kwa nini nikamkumbuka yule mzee na garimoshi lake,
nikalaza reli moja juu ya ncha,
sambamba na mstari wa chini,
isikutane nao, hata ukikaa kiti cha mbele.

Na zile pembe mbili za chini
zikapanda zenyewe, moja kushoto, moja kulia,
zikakaa ubavuni mwa ile ya juu,
bila mwanya, bila mkunjo,
kama kola iliyokubali shingo.

Saa saba usiku. Nilitaka kumwamsha mtu.
Kwenye ile bili kulikuwa na doa la cheri,
jekundu, pale pale
ambapo mwalimu angeweka alama.